Ubani Mtungini

Kilichoanza kumuuma Levina hakikuwa mume. Yalikuwa matembele.

Matembele ya Josepha yalikuwa ya kijani mwezi wa Oktoba, na Oktoba huku Lusu hata minyaa ya uzio hupauka. Yalitambaa kando ya ukuta wa jiko, majani mapana, yameshiba kama watoto wa mwenye duka. Ukipita njiani unayaona. Na ukiwa na moyo kama wa Levina siku zile, unapita tena jioni kuangalia kama bado yapo, huku ukiomba yasiwepo.

Hebu niwaeleze nyumba zenyewe, msije mkapotea. Ni nyumba mbili za mama mmoja, bibi anayeitwa Ng'wana Limbu, maana baba yake alikuwa Limbu, na huku mwanamke hubaki binti wa baba yake hata akizeeka. Levina, mama yake Emilian, ameolewa na Dionis, mtoto mkubwa. Josepha ameolewa na Revocatus, mdogo mtu, ambaye yuko machimboni kwenye dhahabu na huonekana Krismasi na kwenye misiba. Kati ya nyumba na nyumba kuna uzio wa minyaa. Bibi analala upande wa mtoto mkubwa, katika kijumba chenye kitanda, rozari na kibuyu kimoja kinachoning'inia ukutani. Kibuyu hicho kilikuwa cha babu yake, mpagazi aliyebeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu. Bibi hupenda kusema kwamba mpagazi akiibiwa mzigo alichapwa, lakini akiibiwa maji alizikwa.

Kiangazi lambo likikauka, maji ya nyumba zote mbili huletwa na Dionis. Kila alasiri hufunga madumu manne kwenye baiskeli, huenda kwenye pampu ya mkono ya kijiji cha pili, hupanga foleni na kurudi jua likizama, magoti yakimlilia. Madumu matatu kwa mkewe, moja kwa shemeji yake. Ndivyo walivyokubaliana mbele ya mama.

Sasa niambieni ninyi. Mwenye madumu matatu, kabla ya jioni anakwangua. Mwenye dumu moja anamwagilia matembele, mtoto wake anaoshwa uso mpaka unang'aa, na kitenge chake cha kanisani hakina doa. Levina aliipiga hesabu hiyo akipepeta, akaipiga akisonga ugali, na kila alipoipiga jibu lilitoka lile lile: mume.

Wachochezi nao hawakukosekana. Siku moja kwenye mashine ya kusaga, Mama Sadiki, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, aliweka ndoo yake ya mahindi chini akasema, "Mama Emilian, jirani yako anakula kijani."

"Jirani yupi?"

"Josepha, nani mwingine? Jana kanigawia fungu la matembele, laini, hata magadi sikutia. Nikajisemea, kumbe kuna watu mvua inawanyeshea peke yao."

"Ana mkono mzuri wa kupanda," Levina alisema.

"Mkono anao, shoga. Lakini mkono hautoi maji. Maji yanakuja na baiskeli."

Wanawake kwenye foleni wakatazama pembeni, kama watu wanavyotazama pembeni wanapotaka kusikia vizuri. Levina alijitwika unga wake akaondoka bila kuaga.

Jioni ile alijibanza nyuma ya uzio. Dionis alifika, akaegemeza baiskeli, akafungua dumu moja, akaliweka kizingitini kwa Josepha. Josepha akapiga goti. "Shikamoo, shemeji." "Marahaba. Mtoto hajambo?" "Hajambo." Basi. Dionis akasukuma baiskeli kwenda kwake. Mke mwingine angerudi jikoni ametulia. Levina hakutulia. Alijisemea: kama mlangoni analeta moja tu, basi mengine anayachota ndani kwangu. Dionis ndiye anayeamka wa kwanza alfajiri. Nani anajua mkono wake unafanya nini kabla kuku hawajatoka?

Hakuwa amepima maji ya mtungini hata siku moja. Wivu haupimi. Wivu unajua.

Hapo niwaambie habari ya mtungi wenyewe. Levina alilelewa Tabora mjini, Isevya, bomba liko hapo mlangoni, na mama yake alimfundisha kwamba maji yaliyolala mtungini hayanywewi. Mjusi ameyachungulia, vumbi limeyaonja. Kwa hiyo kila asubuhi aliyamimina yote yaliyobaki kwenye ndoo, yawe kidogo yawe nusu mtungi, akasugua mtungi, akauanika mpaka jioni. Ya mchana yalikuwa kwenye dumu lenye kifuniko. Yale ya ndoo alinyunyizia uwanja, ndipo akafagia. Uwanja wa Levina ulisifiwa. Alipokuja bi harusi, wanawake wa Lusu walisema huyu amekuja na ufagio wa mjini.

Kiangazi kilipoanza kuuma, Ng'wana Limbu alimwambia, "Mwanangu, niachie mimi kunyunyiza. Kiuno kikikaa bure kinashikana. Wewe washa moto." Tangu hapo Levina akawa anamkabidhi mama mkwe ndoo na kuingia jikoni. Uwanja ulianza kutimka vumbi mchana. Levina akalilaumu jua.

Kuhusu kumwaga maji, bibi hakusema kitu. Mila ya pale kwao ni kwamba mtungi ni wa mwenye jiko. Mama mkwe akitia mkono kwenye mtungi wa mke wa mwanawe, au akiuliza maji yake yanakwenda wapi, ni kama amesema mbele ya ukoo kwamba mwanamke huyu hajui kutunza nyumba. Kuna waliorudishwa kwao kwa jambo dogo kama hilo. Basi Ng'wana Limbu, ambaye kwa mengine yote hakubakiza neno, kwenye mtungi alinyamaza. Alichokuwa nacho ni vitendawili.

Usiku mmoja, walipokuwa wakitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, baada ya chakula, alisema, "Kitendawili."

"Tega," Dionis akajibu, mdomo umejaa.

"Sikuulizi wewe. Namuuliza mwenye nyumba."

"Tega, mama," Levina alisema. Macho yalikuwa kwenye uzio.

"Mgeni alilala kwangu usiku mmoja. Asubuhi nikasema ananuka, nikamtupa uani. Jirani akamwokota, akamtunza, sasa anamlishia watoto."

Levina hakufikiri hata kidogo. "Sijui. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Tabora."

"Tabora umenipa mara nyingi mpaka nimekuwa liwali," bibi alisema. "Kitendawili hiki hakiuzwi kwa mji. Kaa nacho."

Levina hakukaa nacho. Alikuwa na lake la kukaa nalo.

Kwenye sanduku lake kulikuwa na ubani, donge lililofungwa kwenye kitambaa, zawadi ya mama yake kutoka duka la mzee Fakhrudin pale mjini. Majirani zao wa Isevya walikuwa wakifukiza mitungi na vikombe kwa ubani, na maji yakikaa humo yanakunukia mpaka kooni. Lusu nzima hakuna aliyefanya hivyo. Wazo lilimjia anachambua mchele, na lilikuwa tamu. Mwizi wa maji haachi nyayo. Lakini maji yenye harufu yatajisema yenyewe, popote yalipo.

Akaweka makaa kwenye kigae, akadondosha ubani, akaufunika mtungi mkavu juu ya moshi mpaka udongo ukashiba.

Jioni Dionis alikunywa, akakitazama kikombe. "Mbona leo nakunywa misa?"

"Ndivyo tunavyofanya mjini."

"Basi mjini mnajua kuishi. Niongeze." Levina akamwongeza, akamtazama koromeo likipanda na kushuka, akawaza: kunywa, baba, siku zako zinahesabika.

Siku zilizofuata akaendelea kufukiza, ubani ukazidi kuuingia mtungi. Alimtazama mumewe alivyofunga kamba za madumu, alivyocheka, alivyochelewa. Alipochelewa ilikuwa dalili. Alipowahi ilikuwa dalili vilevile, maana kwa nini awahi? Akimsifu mkewe kwa chakula, Levina aliona anamfunga mdomo. Asipomsifu, aliona ameshiba kwingine.

"Pampu inakohoa," Dionis alisema jioni moja. "Leo tumeisukuma watu wawili wawili. Itabidi tuyatunze maji haya."

"Waambie na wengine wayatunze," Levina alisema.

Dionis akadhani anasema watu wa kijiji cha pili. "Nimewaambia," akajibu, na huyo akaenda kuoga. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, akasikia yote mawili.

Asubuhi yake, watoto walipokwisha kwenda shule na ndoo imeshapita mikononi mwa mama mkwe kama kawaida, Levina alijifunga kitenge vizuri akazunguka kwa barabarani mpaka mlangoni kwa Josepha.

"Hodi."

"Karibu, Mama Emilian. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimefuata chekeche, langu limetoboka."

"Kaa kwanza. Na jua hili."

Josepha alimletea maji, kikombe kimefunikwa kisahani, akapiga goti akampa. Levina akanywa.

Ubani. Haukuwa mkali, ulikuwa kama wimbo unaousikia kutoka kanisa la mbali, lakini ulikuwa wake. Na mjue, kwanza alifurahi. Mwenye wivu akipata alichokuwa anakitafuta hufurahi kidogo, kama mtu aliyepapasa mguu akaugusa mwiba. Halafu ndipo ukaanza kuuma.

"Maji yako mazuri," alisema. "Umeyatoa wapi?"

Josepha akashusha macho. "Ni maji tu, dada."

"Ya dumu la jana?"

"Mengine ya jana. Mengine nimeletewa."

"Na nani?"

Josepha akakung'uta kitenge chake, ingawa hakikuwa na vumbi. "Nimekatazwa kusema."

"Umekatazwa."

"Si jambo baya. Ila nimekatazwa."

"Na huyo aliyekukataza huwa anapita wakati gani? Nikiwa jikoni?"

Josepha akainua uso kwa mshangao, maana ndivyo ilivyokuwa. "Umejuaje?"

Levina hakuhitaji zaidi. Aliinuka, akaenda nyuma ya mlango ambako mtungi wa Josepha ulikaa juu ya mchanga wake, akatoa kifuniko, akaushika mdomo kwa mikono miwili na kuulaza. Maji yakatoka yote. Yakavuka kizingiti, yakaingia uani, na ubani ukapanda kutoka kwenye udongo wa moto kana kwamba kuna mazishi. Kabula, binti mdogo wa Josepha, akakimbilia kupiga tope kwa viganja.

Josepha hakupiga kelele. Alisimama pale na kisahani mkononi. "Mama Emilian," alisema, "kama ulikuwa na kiu ya ugomvi ungesema tu. Ugomvi ningekupa bila kumwaga maji."

"Mwambie akuletee mengine."

Akaondoka. Chekeche akaliacha.

Siku ile aliosha vyombo, akafua mapazia, akaosha tena vyombo vilivyokuwa safi. Hasira yake yote iliishia kwenye beseni, na dumu la mchana likaishia humo humo. Mchana akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatia nguo zake na za watoto. Aliamua hivi: Dionis akikiri, kesho anapanda basi la Tabora, na harudi. Asipokiri, kesho anapanda basi la Tabora vilevile, kwa sababu ya uongo.

Baiskeli ya Dionis ikiwa na maji hulia polepole, kama inabeba mgonjwa. Jioni ile ilikuja ikigonga kama ngoma. Madumu yote manne yalikuwa matupu.

"Pampu imekufa," alisema, akaiangusha baiskeli ukutani. "Chuma cha ndani kimekatika. Wamemwita fundi kutoka Nzega, labda kesho, labda kesho kutwa. Nipe maji ninywe, koo limekuwa gunzi."

"Hakuna."

"Hata kikombe?"

"Mtungi mkavu, dumu limekwisha. Nenda kwa mke wako mdogo akakupe. Yeye huletewa mpaka ndani."

Dionis alikaa chini taratibu, juu ya dumu tupu. Ndipo akaliona sanduku mlangoni. "Mke wangu mdogo," alisema.

"Leo nimeonja ubani wangu kwa Josepha. Ubani wangu mimi, kutoka mtungini mwangu. Na amekiri mwenyewe kwamba anayemletea hupita nikiwa jikoni. Bado unataka nikueleze?"

Dionis akayatazama magoti yake. "Levina. Magoti haya yakifika hapa jioni hata kwa mke wa kwanza yanafika kwa huruma ya Mungu. Kwa wa pili nitayapeleka na nini?"

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nina kiu."

Mlango wa kijumba ukalia. Ng'wana Limbu akatoka ameshika kibuyu cha babu yake, akakizibua, akampa mwanawe. "Funda mbili," alisema. "Usigugumie kama ng'ombe."

Levina aliisikia harufu kabla kibuyu hakijafika mdomoni kwa Dionis. Ubani.

"Mama," alisema, "hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye ndoo unayonipa kila asubuhi."

Kuku mmoja alikuwa anakwangua pale mlangoni, mahali pekee palipokuwa na unyevu.

"Unanipa maji masafi niyamwage chini, mwanangu," bibi alisema. "Mikono yangu imekataa. Nanyunyiza kidogo hapo mlangoni upaone, mengine nayatia humu. Kibuyu cha kwanza nampelekea Josepha, ana mtoto na dumu lake ni moja. Cha pili nakunywa mwenyewe mchana. Leo sikukinywa, maana nilisikia pampu inakohoa, na mimi kitu kinachokohoa najua kinakoelekea."

"Lakini maji hayo yalikuwa yamelala."

"Hata mimi nimelala. Mbona asubuhi hunimwagi?"

Dionis akapaliwa. Mama yake akamnyang'anya kibuyu. "Usicheke na maji mdomoni, hayo ndiyo ya mwisho."

Levina alipaswa kupumua. Mume wake alikuwa safi, sanduku lingerudi chini ya kitanda. Alipumua kweli, mara moja, ndipo akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nitie mkono mtungini mwako? Mbele ya mumeo? Kesho Mama Sadiki auimbe wimbo huo mashineni? Nilikutegea kitendawili, ukanipa Tabora."

Levina akakikumbuka. Mgeni aliyelala usiku mmoja, akaambiwa ananuka, akatupwa uani. "Maji," alisema kwa sauti ndogo. "Maji yaliyolala."

"Umechelewa, lakini umepata. Chukua Tabora yako."

Hapo ndipo Levina akakaa chini, kwenye vumbi la uwanja wake uliosifiwa, akafunika uso kwa kitenge. "Mama. Mtungi wa Josepha nimeumwaga leo. Wote."

Ng'wana Limbu akatikisa kibuyu sikioni, akasikiliza kilichobaki, akakiziba. "Basi hayo unajua yanakokwenda," alisema, akamkabidhi. "Pitia kwenye uwazi wa uzio, usizunguke. Mtoto asilale na kiu."

Levina hakuwahi kupita kwenye uwazi ule. Alipoinama kuingia, aliona minyaa imekatwa vizuri pande zote mbili, matawi yamegeuzwa yasimdondoshee mzee utomvu machoni. Mtu alikuwa amefanya hivyo kwa mapenzi, na hakuwa yeye. Chini, njia ilikuwa nyeupe, imelainishwa na nyayo za mwanamke mmoja anayeburuta mguu wa kushoto. Upande wa pili, kando ya matembele, kulikuwa na kigoda, na pembeni yake bakuli dogo limefunikwa.

Kumbe hapa ndipo anapokaa, aliwaza. Kila asubuhi, mimi napuliza moto macho yananitoka machozi, mama mkwe wangu amekaa hapa. Wivu aliokwenda nao asubuhi ulikuwa wa mume, na wa mume umekwisha. Huu alioinama nao sasa, kibuyu kifuani, ulikuwa wa mama, nao ulimkaa mahali pengine kabisa, chini kidogo ya koo.

Josepha alikuwa uani, anakamua kitenge juu ya beseni. Akamwona. "Umefuata chekeche?"

"Nimeleta maji."

Josepha akakitambua kibuyu, akaelewa kwamba siri imekwisha. Alimwita Kabula, akamnywesha kikombe kidogo, akanywa na yeye, kilichobaki akakifunika ndani. Levina alibaki amesimama. Alikuwa anatazama kitenge.

"Unafanya nini na hicho?"

"Si maji yako ya asubuhi? Yalipotuama niliyatandikia kitenge yakafyonzwa, nikayakamua. Yametulia. Ya juu yameosha vyombo, na sasa yamefua kitenge chenyewe. Tope lake nimewapa wale." Akaelekeza kidevu kwenye matembele.

"Na siku zote unafanya hivyo?"

"Siku zote simwagiwi mtungi, dada." Akamwacha ainyonye hiyo kidogo, halafu akaendelea, "Maji kwangu hayaondoki bila kuaga. Yakiosha mboga, yanaosha sufuria. Yakiosha sufuria, yanaosha miguu ya Kabula. Hapo ndipo nayaruhusu yaende."

"Kwa hiyo Mama Sadiki alikula miguu ya Kabula."

"Akasifu na ulaini."

Levina akacheka, na katika kucheka machozi yakamtoka, ikawa haijulikani lipi ni lipi. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilidhani ni Dionis."

"Nilijua baadaye ulidhani hivyo. Nikasema, maskini Dionis, na yale magoti." Josepha akakitundika kitenge alichokikamua. "Nimekusamehe. Chekeche liko pale juu."

Levina alilichukua, maana sasa ilikuwa aibu kutolichukua. Akageuka kuondoka, akarudi. "Mama anakaa hapo kila siku?"

"Mpaka uji uishe."

"Anasemaje uji wako?"

"Anasema umeiva. Lakini anasema hakuna anayefagia kama wewe."

Levina aliipokea hiyo sifa kama mtu anavyopokea chenji pungufu. Akashukuru, akavuka.

Fundi alikuja, pampu ikapona, na Levina akaacha kuyafukuza maji yaliyolala. Aliupatia mtungi kifuniko kizito, asubuhi akachotea chai humo humo, na kwa mshangao wake hakufa. Akapanga mabeseni kama ya Josepha. Uwanja aliufagia mkavu, ufagio wa chini chini, vumbi lisiamke. Dumu la tatu likaanza kubaki, na siku nyingine alimwambia Dionis alipeleke ng'ambo ya uzio yeye mwenyewe, mchana kweupe, Mama Sadiki akiona.

Kwa hiyo Ng'wana Limbu hakuwa tena na maji ya kupeleka. Lakini aliendelea kupita. Kila asubuhi Levina, akiwa jikoni, alisikia mlango wa kijumba, mguu unaoburutwa, minyaa ikiguswa. Mikono mitupu, anafuata uji. Levina alipuliza moto kwa nguvu kuliko moto ulivyotaka.

Akaenda kwa Josepha akaomba mashina ya matembele. Aliyapanda upande wake, pale pale penye uwazi, mahali ambapo mtu hawezi kuvuka bila kuyaona. Akayapa maji ya mboga yaliyokwisha kuosha sufuria yaliyokwisha kuosha miguu. Yaliposhika na kuanza kutambaa, akaweka kigoda kando yake, kirefu kidogo kuliko cha Josepha, kisichoumiza magoti mtu anapoinuka, na juu yake kipande cha kanga kilichokunjwa. Hakumwambia mtu.

Asubuhi moja mlango wa kijumba ulilia. Mguu ukaburutwa mpaka penye uwazi. Ukapunguza mwendo. Ukasimama.

"Mwanangu," bibi aliita. "Haya matembele unayanywesha nini?"

"Kaa nikuambie, mama," Levina alisema kutoka jikoni. Akasikia kigoda kikilia kwa uzito. Uji ulikuwa tayari bakulini. Kabla ya kuupeleka alirudi ndani, akachota karanga zilizotwangwa na kukoroga mpaka ukawa mzito, kwa sababu alikwisha kuulizia, na wa Josepha haukuwa na karanga.